Kuchagua kichwa na kujaza risasi za shabaha ya yadi 1,000: mwongozo kamili

Kwenye shabaha ya yadi 1,000 ya F-Class (mashindano ya masafa marefu ambapo mpigaji hulala chini na bunduki hukaa juu ya egemeo), duara la pointi 10 lina upana wa inchi 10, na lile la X lililo katikati yake ni inchi 5 tu. Yadi 1,000 ni mita 914. Risasi ya .308 Winchester hukaa angani zaidi ya sekunde moja na nusu kabla ya kufika huko, na muda wote huo upepo unaisukuma, hewa inaipunguza kasi na ardhi inaivuta. Mlenga shabaha hana mamlaka juu ya hayo. Anachoweza kukitawala ni kitu kimoja: kila risasi aliyoijaza ifanane na mwenzake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bunduki ya kisheria, anayepiga shabaha za karatasi, na anayetaka kujaza risasi zake mwenyewe. Nitatumia .308 kama mfano mkuu, kwa sababu daraja la F-TR ndani ya F-Class linaruhusu kaliba mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester, na .308 ndiyo iliyofundisha watu wengi zaidi. Ukijua kuijaza hiyo, kaliba nyingine kama 6.5 Creedmoor haitakusumbua.

Sheria kwanza

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kibali cha kumiliki bunduki hakikupi ruhusa ya kutengeneza risasi. Ukiwa huko, usijaribu hata kidogo bila leseni ya kazi hiyo; nunua risasi za kiwandani za mashindano na utumie sehemu ya mwongozo huu inayohusu kuchagua kichwa, maana inakufaa vilevile.

Marekani kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe ni jambo la kawaida. Lakini ndugu zetu walioko huko wasikie hili: sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa ana sababu chache zilizotajwa na sheria, kama vile leseni halali ya kuwinda au kuingia nchini kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Mwenye green card hahusiki na katazo hilo. Risasi moja mfukoni inaweza kukuharibia maisha ya uhamiaji, kwa hiyo uliza mwanasheria kabla ya kununua hata boksi la maganda.

Kichwa ndicho kinachoamua mengine yote

Wengi huanza kwa kununua mashine, kisha baruti, halafu wanatafuta kichwa cha kuendana navyo. Geuza mpangilio huo. Kichwa cha risasi ndicho pekee kinachosafiri hadi kwenye shabaha. Vingine vyote vinabaki kwako. Chagua kichwa kwanza, halafu ganda, fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni mwa ganda) na baruti vitafuata.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni moja ni gramu 0.0648. Kichwa cha greni 175 basi ni kama gramu 11.3. Ila uzito peke yake haukuambii mengi. Angalia ile namba inayoandikwa BC kwenye boksi. Inaonyesha jinsi kichwa kinavyopenya hewa: ikiwa kubwa, kichwa kinashika kasi yake vizuri na upepo unakisukuma kidogo. Kuna namba za mfumo wa G1 na za G7. G1 inalinganisha kichwa chako na umbo la zamani la karne ya 19, fupi na lenye kitako bapa. G7 inalinganisha na umbo refu lenye mkia uliochongoka, na ndiyo inayofaa kwa vichwa vya masafa marefu. Kichwa cha Sierra MatchKing cha greni 175 kina BC ya G1 ya .505. Hornady ELD Match ya milimita 6.5, greni 140, ina .646 kwa G1 na .326 kwa G7. Usichanganye mifumo hii. Ukiandika namba ya G1 mahali pa G7 kwenye programu ya kukokotoa, programu itaamini kichwa chako kinaruka vizuri kuliko ukweli, itakupa klik chache za kuinua darubini, na risasi zako zitaangukia chini ya shabaha.

Faida ya BC utaiona kwenye upepo. Chukua upepo wa maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, unaovuma moja kwa moja kutoka ubavuni. Katika yadi 1,000 utaisukuma ile Sierra 175 iliyotoka kwa futi 2,600 kwa sekunde zaidi ya mita 2. ELD Match 140 iliyotoka kwenye Creedmoor itasukumwa chini ya mita 2. Ukikosea kusoma upepo kwa maili moja tu, kwenye .308 umeshapotea kama sentimita 25, na duara la pointi 10 umeliacha.

Jambo la pili ni msokoto wa mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayokizungusha kichwa ili kisipinduke angani. Mtutu wa 1:12 unakizungusha mara moja kwa kila inchi 12, wa 1:10 kwa kila inchi 10. Kichwa kirefu kinahitaji msokoto wa haraka zaidi, na hapa urefu ndio unaohesabika kuliko uzito. Sierra 175 inatulia vizuri kwenye 1:12. Berger Juggernaut ya greni 185 ni ndefu zaidi. Kwenye 1:12 ipo mpakani, kwenye 1:10 iko salama. Vichwa vya greni 200 vinavyopendwa na watu wa F-TR vinataka 1:10. Creedmoor nyingi zina 1:8. Watengenezaji wa vichwa wana vikokotoo vya bure vya utulivu; tafuta jibu la 1.5 au zaidi.

Usiamini tu kilichoandikwa kwenye karatasi ya bunduki. Pima. Ondoa komeo, hakikisha chemba ni tupu, funga kitambaa kinachobana kwenye ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka. Kiingize hadi kishikwe na mifereji, weka alama kwenye ufito kwa juu na alama nyingine usawa wa mwisho wa mtutu, kisha sukuma taratibu mpaka ile alama ya juu izunguke mzunguko mmoja na kurudi juu. Umbali uliosukuma kwa inchi ndio msokoto wako. Rudia mara tatu.

Jambo la tatu ni kasi ya kufika. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, futi 1,116, hewa ikiwa ya nyuzi 15. Kichwa kinapokaribia kasi hiyo kutoka juu, kuanzia kama futi 1,340 kushuka, msukumo wa hewa juu yake hubadilika na baadhi ya vichwa huanza kuyumba. Mfano maarufu ni Sierra MatchKing ya greni 168. Ni kichwa cha kuheshimika sana hadi yadi 600, lakini mkia wake una pembe kali ya nyuzi 13, na kinapokaribia kasi ya sauti huko mbele ya yadi 800 hakiaminiki tena. Ile ya 175 ina mkia wa nyuzi 9, na ndiyo jeshi la Marekani lililoichagua kwa risasi yake ya M118LR. Greni saba tu, na tabia tofauti kabisa. Kwa hiyo .308 ikienda yadi 1,000, acha 168 nyumbani.

Mwinuko wa ardhi nao una mchango. Uwanja wa Whittington Center karibu na Raton, New Mexico, uko kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kichwa kinafika na kasi nzuri. Kichwa hichohicho ukikipeleka Camp Perry, Ohio, pembeni mwa Ziwa Erie, kitafika kimechoka zaidi. Kokotoa kwa uwanja utakaopigia.

Nunua boksi moja la majaribio, au aina mbili ukitaka kulinganisha. Ukishaamua, nunua vichwa vingi vya loti moja, yaani vilivyotengenezwa pamoja kiwandani. Namba ya loti iko kwenye boksi. Loti zikibadilika, urefu hubadilika kidogo, na kazi yako ya kupima inaanza upya.

Vifaa

Sitarefusha hapa. Unahitaji presi imara yenye kiti kimoja, kalibu mbili za kaliba yako (ya kurudisha umbo la ganda na ya kukalisha kichwa), kalipa ya kidijitali, kipimio cha bega la ganda na cha mpindo wa kichwa (pale ubavu wa kichwa unapoanza kupinda kuelekea ncha), mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni au chini zaidi, faneli, kifaa cha kukatia urefu wa ganda, na kipima mwendo wa risasi. Na kitabu cha mapishi ya risasi kutoka kwa mtengenezaji wa kichwa au wa baruti, cha miaka ya karibuni. Kama fedha hazitoshi, punguza kwenye presi. Usipunguze kwenye mizani wala kwenye kitabu.

Ganda

Anza na maganda mapya ya loti moja, au yaliyopigwa kwenye bunduki yako mwenyewe. Ya kuokota uwanjani huwezi kujua yamepigwa mara ngapi wala kwenye chemba ya namna gani.

Yafute, yakague moja moja kwenye mwanga. Shingo ikiwa na ufa, tupa. Kuna ukaguzi mmoja ambao watu wanauruka na ndio muhimu kuliko yote: chukua waya mwembamba, kunja ncha yake iwe kindoano kikali, iingize ndani ya ganda hadi chini na uikwaruze kuja juu ukigusa ukuta. Kama kidogo tu juu ya kitako ncha inazama kwenye kijitaro, ukuta wa ganda umeshaanza kuachana. Kwa nje mara nyingi utaona mstari unaong'aa ukizunguka sehemu hiyohiyo. Ganda hilo limekufa. Libonde kwa koleo ili lisirudi tena kwenye boksi.

Paka mafuta maalumu kidogo kwenye mwili wa ganda kabla ya kuliingiza kwenye kalibu, la sivyo litakwama humo. Sasa kuna kipimo kinachohitaji subira. Pima bega la ganda lililopigwa kwenye bunduki yako, halafu rekebisha kalibu hadi bega lirudi nyuma kwa inchi 0.001 hadi 0.002 tu. Ukilirudisha nyuma sana, ganda linanyooka kwa nguvu kila unapopiga, na ndiyo njia ya kupata ule mstari unaong'aa. Usiporudisha kabisa, komeo litakuwa zito kufunga. Zungusha kalibu kidogo sana, pima, zungusha tena.

Ganda la .308 lisizidi urefu wa inchi 2.015, kata hadi 2.005, yote sawa, kisha ondoa ncha kali za mdomo ndani na nje ili zisichune kichwa. Shingo ikishike kichwa kwa mkazo wa kama inchi 0.002. Shaba inakakamaa kadiri inavyotumika, mkazo unaanza kutofautiana, na hapo watu huilainisha shingo kwa moto. Kazi hiyo inafaa, ila moto ukifika kitakoni ganda linalegea mahali linapobeba shinikizo lote. Bila mashine ya kazi hiyo au mtu wa kukuonyesha, iache.

Fataki na baruti

Vaa miwani ya kinga. Hakuna sigara, hakuna simu ya kuzungumza, hakuna mtoto mezani. Fataki ni kilipuzi kidogo. Iingize kwa mkono wa taratibu mpaka ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Ikichomoza nje, ganda hilo liweke pembeni.

Sitaandika hapa kiasi cha baruti. Kiasi kinategemea kichwa, ganda, fataki na chemba yako, na kipimo kilicho salama kwenye bunduki ya mwingine kinaweza kuwa cha hatari kwenye yako. Kikomo cha shinikizo cha .308 kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani ya watengenezaji wa silaha na risasi, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 62,000, na nguvu hiyo iko sentimita chache kutoka usoni pako. Fungua kitabu, tafuta kichwa chako hasa na baruti yako hasa, anzia kwenye kiasi cha chini kilichoandikwa. Usibadilishe baruti moja kwa nyingine hata kama majina yanafanana, na usichukue kipimo kutoka kwa mtu mtandaoni, hata akiwa bingwa.

Kopo moja tu la baruti liwe mezani. Ukimaliza, rudisha iliyobaki kwenye kopo lake la asili saa hiyohiyo. Baruti iliyobaki kwenye kipimio usiku kucha bila jina ni ya kutupa.

Mizani ya umeme huyumba. Iwashe nusu saa kabla, iweke mbali na feni na dirisha, na kila baada ya risasi kumi weka jiwe la kupimia uone kama inasoma sawa. Yote yakishajazwa, yapange maganda kwenye ubao wake na umulike ndani ya kila moja kwa tochi. Usawa wa baruti uwe uleule kote. Ganda lenye baruti mara mbili au lisilo na kitu utaliona hapo, na hapo ndipo mahali pa mwisho pa kuliona.

Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu tofauti ya futi 10 tu kwa sekunde kwenye .308 inashusha au kupandisha risasi kama sentimita 8 katika yadi 1,000. Risasi zinazotofautiana kwa futi 40 zitatawanyika juu na chini zaidi ya upana wa duara la 10, hata ukilenga kama malaika. Chagua baruti isiyobadilika sana na joto. Varget na H4350 za Hodgdon zinapendwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, usiache risasi juani wala usiiache kwenye chemba ya moto huku ukisubiri upepo.

Kukalisha kichwa

Vichwa vingi vya mashindano havilingani ncha, kwa hiyo kupima urefu wa risasi kutoka kitako hadi ncha kunadanganya. Pima kutoka kitako hadi kwenye mpindo wa kichwa, kwa kipimio kinachofungwa kwenye kalipa. Kwanza jua mifereji ya mtutu wako inaanzia wapi kwa kichwa hicho, halafu uhesabu umbali wa kichwa hadi hapo.

Sierra MatchKing ina mpindo mpole na haisumbui. Ianze ikiwa inchi 0.020 nyuma ya mifereji na mara nyingi utaridhika. Vichwa vya VLD, yaani vyembamba vilivyochongwa ili hewa ivizuie kidogo, vina mpindo mkali na huchagua sana: jaribu 0.010, 0.040, 0.080 hadi 0.120, na utaona umbali mmoja ambao ghafla kundi la matundu linakaza. Majaribio haya yafanye kwa kiasi cha chini cha baruti, kwa sababu kichwa kinachogusa mifereji kinapandisha shinikizo. Angalia pia kama risasi inaingia kwenye magazini yako.

Uwanjani

Panda kwa hatua ndogo kutoka kiasi cha chini, ukisoma kipima mwendo na kukagua kila ganda. Fataki iliyobapazika na kujaa kona zake, alama inayong'aa kitakoni, komeo zito kuinua: ukiona hata moja, acha. Zilizobaki zenye baruti nyingi zaidi usizipige, zivunje nyumbani. Kasi ikizidi ile ya juu kabisa kitabuni, shinikizo nalo limezidi, hata kama ganda halionyeshi kitu.

Mlio ukiwa dhaifu usio wa kawaida, usipige nyingine. Toa komeo, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma. Kichwa kilichokwama humo pamoja na risasi ya pili vitapasua bunduki.

Usiamini kundi la risasi tatu. Tatu zinaweza kuangukia pamoja kwa bahati, na kesho zikatawanyika. Piga kumi, tena katika siku mbili tofauti, ndipo uamue. Na kipimo kinachokupa kundi zuri kiasi na mwendo unaolingana kishinde kile kinachokupa kundi dogo kabisa siku moja. Andika kila kitu kwenye daftari: loti, kiasi, umbali wa kichwa, joto, idadi ya risasi zilizopita kwenye mtutu. Mifereji inalika pale inapoanzia na kusogea mbele, hivyo kila baada ya risasi mia chache pima upya umbali wa kichwa.

Ukifika mahali risasi zako kumi zinakaa ndani ya dakika moja ya pembe, yaani milimita 29 kwa mita 100, na mwendo haupishani sana, funga meza. Fedha iliyobaki nunulia risasi za mazoezi na jifunze bendera za upepo. Maili moja ya upepo usiousoma inakupokonya zaidi ya kile utakachookoa kwa wiki nzima za kupima maganda.

Ukienda mashindano kwa ndege, baruti na fataki haziruhusiwi hata kwenye mzigo wa chini, kwa hiyo jaza zote kabla ya safari. Risasi zilizokamilika hukubaliwa kwenye mzigo wa chini zikiwa kwenye boksi linalozishika moja moja, na mashirika mengi yana kikomo cha kilo 5 kwa abiria. Risasi moja ya .308 ina kama gramu 25, yaani utabeba kama 200. Hesabu mizunguko yako na zile za kurekebishia darubini kabla ya kukata tiketi, na kama hazitoshi, endesha gari.